Lida zilizotatana: kisa cha pochi moja na mikono mitatu

Pochi yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa ya ngozi, imeshonwa vizuri, na mifuko yake kumi na miwili ya plastiki ilimwonyesha mtu kilichomo bila kufungua. Ila ndani yake mlikuwa na lida zaidi ya arobaini, yaani vile vipande vya uzi vinavyounganisha uzi mkuu wa mvuvi na nzi bandia. Waongozaji watatu wa kambi moja ya uvuvi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, upande wa Nyeri, walikuwa wakiitumia kwa pamoja, na kila mgeni aliyeondoka akiacha vifaa alikuwa ameiongezea chake. Ilifika mahali kutoa lida moja ni kutoa tano. Asubuhi moja wageni wawili walisimama kwenye majani yenye umande wakimtazama mwongozaji kijana akihangaika na uzi, huku trauti wakichomoza kula mbele yao. Kufikia saa nne jua lilikuwa limeshapanda, samaki wametulia chini, na wageni hawakuwa na la kusema.

Meneja wa kambi aliniita kwa sababu nafunga nzi bandia na kurekebisha vifaa vya watu. Aliniuliza pochi ipi kubwa zaidi anunue. Nilimwambia asinunue yoyote kwanza, tumwage zilizomo mezani tuone.

Kwa msomaji asiyevua kwa nzi, niseme haraka kitu chenyewe ni nini. Nzi bandia ni ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu, na hana uzito wa kumfikisha mbali. Anayerushwa hasa ni uzi mnene wa rangi unaotoka kwenye rili, gurudumu la kukunjia uzi. Kati ya uzi huo na nzi kuna lida, kipande cha nailoni au fluorokaboni kinachoanza kikiwa kinene na kwenda kikipungua hadi ncha. Kwa mito yetu myembamba yenye vichaka pande zote urefu wake ni kama mita 2.3, kwenye maziwa ya juu mlimani, kama Rutundu na Alice, watu hutumia mita 2.7 hata 3.7. Shina la lida lina unene wa karibu nusu milimita. Ncha yake, au tipeti, kipande chembamba cha ziada kinachoungwa hapo, inaweza kuwa milimita 0.15 tu. Kupungua huko kidogo kidogo ndiko kunakomfanya nzi atue majini bila kishindo. Ndiko pia kunakoifanya lida iwe shida kuhifadhi kuliko uzi mwingine wowote wa mvuvi: upande mmoja mgumu, unataka kunyooka na kusukuma, upande wa pili laini, unapenya kila upenyo unaoachwa wazi na ule mgumu.

Trauti si samaki wetu wa asili. Wale wa kahawia waliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, na Ewart Grogan ndiye anayetajwa kuwa aliwatia katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Pamoja nao ukaja uvuvi wenyewe na vifaa vyake, na baadaye ufundi wa kufunga nzi, ambao umekaa hapa kiasi kwamba nzi wengi wanaouzwa madukani Ulaya na Marekani wamefungwa na mikono ya Wakenya. Kwa hiyo pale kambini hapakuwa na mtu mgeni wa kazi ndogondogo za vidole. Naitaja historia hii ili ieleweke kwamba waliotatanisha lida zile hawakuwa wazembe.

Meneja, hata hivyo, aliamini ni uzembe. Mwongozaji mkubwa, ambaye wote wanamwita Mzee na amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, aliamini hivyo pia, ila alimaanisha uzembe wa vijana. "Mimi lida yangu haijawahi kunitatana," alisema, na nilipomwomba anionyeshe anavyoikunja, akaonyesha: aliizungusha kwenye vidole vinne, mizingo midogo iliyolingana, akamalizia kwa kuupitisha mwisho wake kuzunguka mizingo. Nadhifu. Kisha akaifungua mbele yangu kwa kuuzungusha uzi kinyume, mzingo mmoja baada ya mwingine, mpaka ikanyooka bila doa. Alikuwa anasema kweli. Vijana wawili nao wakaniambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba lida zao wenyewe hazitatani nyumbani. Walikuwa wanasema kweli pia. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba hatumtafuti mkosaji mmoja.

Tulitandika shuka jeupe mezani, tukamwaga. Kwa macho ilikuwa rundo moja. Ukilitazama kwa muda unaona matatizo ya aina tatu tofauti, na kila moja lina chanzo chake.

Aina ya kwanza ni lida mbili, tatu, nne zilizoshikana kwa sababu zimewekwa mfuko mmoja. Hiyo haihitaji maelezo marefu. Mifuko kumi na miwili, lida arobaini; hesabu inajieleza.

Aina ya pili ilikuwa ndani ya lida moja moja: fundo halisi, lililokaza, kwenye uzi ambao hakuna mtu aliyeufunga. Hapa watu huanza kusema mambo ya majini na mashetani. Lakini jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 wanafizikia wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichopo San Diego, Dorian Raymer na Douglas Smith, walichapisha matokeo ya majaribio 3,415 ya kitu cha kipuuzi kabisa: kutia kamba ndani ya sanduku, kulibiringisha sanduku mara chache, kisha kufungua na kuangalia kama kamba imejifunga fundo. Mwaka uliofuata walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Kamba fupi, chini ya sentimita 46 hivi, karibu haikujifunga kamwe. Ilipozidi urefu huo uwezekano ulipanda haraka, na kuanzia kama mita moja na nusu ukatulia karibu na nusu kwa nusu. Lida fupi kuliko zote mle ndani ilikuwa na mita zaidi ya mbili.

Kilichonisaidia zaidi katika kazi yao si takwimu, ni maelezo ya namna fundo linavyozaliwa. Kamba ikiwa ndani ya chombo hujikunja mizingo inayolaliana. Ncha yake iliyo huru, kila chombo kinapotikisika, hupita juu ya mzingo huu na chini ya ule, kama mkono wa msusi wa ukili. Ikishapita mara mbili tatu, fundo limeshafungwa. Linangoja mtu wa kuvuta ili likaze. Wakagundua pia kwamba kamba ngumu iliyobanwa kwenye sanduku dogo hujifunga mara chache zaidi, kwa sababu inajikaza kwenye kuta na haipati nafasi ya kubiringika.

Sasa iangalie pochi ya kambi kwa jicho hilo. Mfuko wa plastiki ni laini na mpana. Lida imelegea ndani, ncha mbili zinaning'inia huru. Pochi iko mfukoni mwa koti la mtu anayeteremka makorongo, anaruka mawe, anapanda tena. Kutwa nzima inatikiswa. Kwa kipimo cha hao mabwana wa San Diego, ajabu ingekuwa lida zile zisijifunge.

Kambini kuna kabati la vitu vya zamani, la kuwafurahisha wageni, na ndani yake kuna kopo bapa la bati lenye vipande viwili vya feleti, kile kitambaa kinene cha sufu iliyogandamizwa. Nililitoa nikaliweka mezani, kwa kuwa lilikuwa na la kusema. Kabla ya nailoni, ambayo Wallace Carothers na wenzake waliigundua katika maabara ya DuPont mwaka 1935, lida zilitengenezwa kwa uzi uliovutwa kutoka tezi za hariri za kiwavi wa hariri, na sifa yake ilitoka hasa Murcia, Hispania. Uzi huo ukikauka ni mgumu na unakatika, kwa hiyo mvuvi aliubeba ukiwa umelowa, umelazwa katikati ya feleti mbili zenye maji, kifuniko kikiwa kimekandamiza juu. Waliolitengeneza kopo walikuwa wanafikiria unyevu tu. Lakini uzi uliobanwa kati ya feleti mbili hauna pa kubiringika, na ncha yake haiendi kokote. Nailoni ilipokuja, haja ya maji ikaisha, kopo likatupwa, na ule mbano ukatupwa pamoja nalo bila mtu kuujua ulikuwa unafanya kazi gani.

Kutoka enzi hizo ndipo zinapotoka pia namba za unene ambazo bado zimeandikwa kwenye pakiti: 3X, 4X, 5X. Zilihesabu uzi wa hariri umepitishwa mara ngapi kwenye tundu la kuuchonga wembamba. Leo ni kipimo tu: toa namba hiyo kwenye 11, unapata unene kwa sehemu za elfu za inchi. Kwa hiyo 5X ni elfu sita za inchi, yaani milimita 0.15. Kanuni hii ilitufaa sana baadaye, maana nusu ya lida za pochi ile hazikuwa na alama yoyote.

Aina ya tatu ya tatizo ndiyo iliyonipa jibu. Zilikuwa lida zisizo na fundo wala kushikana na nyingine, lakini ukiziachia mkononi zinajikunja zenyewe na kusokotana kama mkia wa nguruwe. Nyingi. Vijana walisema ni nailoni ya zamani, imekufa. Si kweli, kadhaa zilikuwa mpya. Zilikuwa na msokoto ndani.

Ukishika uzi na kuuzungusha kwenye vidole vilivyotulia, kila mzunguko unaingiza msokoto mmoja kamili ndani ya uzi. Hauonekani, kwa kuwa uzi umekunjwa. Ukiufungua kwa kuuzungusha kinyume, kila mzingo unarudisha msokoto wake na uzi unatoka safi, kama alivyofanya Mzee. Lakini ukiushika mwisho na kuuvuta moja kwa moja utoke ubavuni mwa mizingo, misokoto yote inabaki. Lida ya mita 2.7 iliyokunjwa kwenye vidole vinne ina mizingo zaidi ya kumi. Hiyo ni misokoto zaidi ya kumi inayotafuta pa kwenda mara tu unapolegeza mkono, na inakwenda kwenye ncha, penye wembamba.

Nikawauliza vijana wanakunjaje. Mmoja hushika mkono wa kulia ukiwa umetulia, anauviringisha ule wa kushoto wenye mizingo, kama anayekunja uzi kwenye kibao. Namna hiyo haiingizi msokoto wowote, na uzi huo ukifunguliwa kwa kuzungusha uzi badala ya mkono, unasokotwa wakati wa kutoka. Kijana wa pili hukunja kama Mzee lakini hufungua kwa kuvuta, kwa haraka, na nyumbani haoni shida kwa sababu nyumbani anatumia lida zile zilizosokotwa nyuzi nyingi pamoja, ambazo ni laini na hazikumbuki kitu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuweka na namna yake ya kutoa, na kwa lida zake mwenyewe namna hizo zilipatana au hazikumdhuru. Pochi ilipokuwa ya wote, Mzee aliweka na kijana akatoa. Kijana aliweka na Mzee akatoa. Mtatizo ulizaliwa katikati ya mikono, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatazama. Pochi kubwa zaidi ingeupa nafasi tu.

Hili wavuvi wengine wamelijua zamani. Wanaotega migonzo Ziwa Victoria, zile kamba ndefu zenye ndoana nyingi za kunasa sangara, huilaza kamba kwenye beseni au sanduku kwa mpangilio mmoja, ndoana zikipangwa ukingoni kwa zamu. Anayezimwaga majini si lazima awe aliyezipanga, lakini mpangilio unajulikana na watu wote wa chombo. Pwani, wenye dhulumati, kamba za namna hiyo za baharini, hufanya vivyo hivyo. Nilipomtajia Mzee akanicheka kidogo. "Hiyo ni kamba ya mwanamume, fundi. Hii ni nywele." Ni kweli, lakini nywele nayo ina mwanzo na mwisho.

Kulifungua rundo lile kulichukua muda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko watu wanakoharibu lida nyingi kuliko pochi inavyoharibu. Sheria ya kwanza ni kutovuta. Mtatizo wowote ambao haujavutwa ni mizingo iliyopitana tu. Ukivuta ndipo unakuwa fundo. Tulilegeza kwanza, tukitanua matundu ya kati kwa vidole na kwa pini butu mpaka rundo likawa kubwa maradufu. Kisha tukatafuta mashina, si ncha. Shina ni gumu, linasukumika, unaweza kulirudisha kwenye tundu lililotokea na likaenda unapotaka. Ncha nyembamba ukiisukuma inajikunja, na kila unapoikosa inaingia tundu jingine. Vijana walikuwa wakianza na ncha siku zote kwa sababu ndiyo inayoonekana imekwama.

Pale ncha ilipokuwa imezama kabisa, tuliikata. Hapo palizuka ubishi, maana meneja alikuwa amesimama nyuma yetu na kila mlio wa mkasi alisikia shilingi. Lakini nusu mita ya tipeti ni kitu kidogo sana kwa bei, na lida iliyopoteza ncha inaungwa nyingine kwa dakika moja: laza nyuzi mbili sambamba, zifanyie kitanzi pamoja, pitisha ncha zote mara mbili au tatu, lowesha kwa mate, kaza. Kilicho ghali katika lida ni shina lake lenye kupungua. Kuharibu shina ili kuokoa ncha ni hesabu ya kinyume.

Kila uzi uliokuwa na fundo la kawaida lililokaza, hata dogo kama punje ya mtama, tulikata hapo. Fundo la namna hiyo kwenye nailoni hukata nguvu ya uzi karibu nusu, na trauti mzuri ndiye atakayekuambia. Tulipomaliza, lida kama ishirini zilikuwa hai. Mabaki yote yalikwenda kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa, si kichakani. Ndege wa mtoni hujinyonga kwa vipande hivyo.

Kuzitambua zilizobaki ilikuwa kazi ya raha. Kwa unene tulitumia mikromita, kifaa cha kupimia vitu vyembamba, na ile kanuni ya 11. Kujua nailoni na fluorokaboni, glasi ya maji inatosha: kata kipande kifupi, kizamishe kwa kidole. Fluorokaboni ni nzito sana kuliko maji na huenda chini mara moja. Nailoni inashuka polepole, tena mara nyingi inang'ang'ania juu mpaka uisukume. Tofauti hiyo si ya kupendeza macho tu. Nailoni hunywa maji na kulainika, fluorokaboni hainywi, kwa hiyo ile ya pili inashika kumbukumbu ya mizingo kwa ukaidi zaidi na haifai kukunjwa kidogo sana.

Mpangilio mpya ulikuwa na mambo machache.

La kwanza, kila mwongozaji apate pochi yake, ndogo, mifuko sita, lida moja kila mfuko. Pochi tatu za kitambaa alizishona fundi cherehani wa mjini kwa bei ndogo kuliko ile moja ya ngozi, na niliomba mifuko iwe ya kubana, lida ikiingia isicheze. Katika kila pochi, lida tatu ni za mto, fupi, ncha za 4X na 5X. Tatu ni za ziwa, ndefu, ncha za 2X na 3X, kwa sababu trauti wa upinde wa mvua wa kule juu ni wakubwa na kuna nafasi ya kurusha. Hatukupanga kwa kampuni wala kwa bei, kama ilivyokuwa kwenye pochi ya zamani. Mtu akiwa ukingoni hajiulizi lida yake imetengenezwa na nani.

La pili, wote wakunje namna moja. Tulichagua kukunja kwa namba nane, kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho. Kwenye namba nane nusu moja inasokota upande mmoja na nusu ya pili inasokotoa, kwa hiyo haijalishi atakayefungua atazungusha au atavuta. Uzi unatoka mnyofu. Unaanza na ncha nyembamba, unamalizia na shina, halafu shina linazungushwa mara nne au tano kwenye kiuno cha nane, likiibana na ncha hapo hapo. Ncha zote mbili zimekamatwa mahali pamoja. Upana wa kiganja unatoa mizingo ya sentimita nane hadi kumi, ambayo haiachi nailoni na mikunjo mibaya. Kijana mmoja mwenye vidole vifupi anatumia misumari miwili aliyoigonga kwenye ubao, na kazi yake imenyooka kuliko ya wote.

La tatu ni la kutoa. Fungua shina peke yake, liunganishe kwanza na uzi mkubwa, kitanzi kwa kitanzi, wakati sehemu iliyobaki bado imekunjwa mkononi. Ndipo uiachie. Mtu anayeifungua lida yote kwanza anabaki na ncha mbili huru kwenye upepo, na kichaka kiko karibu siku zote.

Asubuhi za kule juu ni baridi kali, na nailoni baridi ni kaidi. Uvute taratibu kati ya vidole viwili vilivyolowa mpaka usikie vuguvugu, inalegea. Vijana walikuwa wakitumia kipande cha mpira cha tairi kwa nguvu, moshi utoke karibu. Joto hilo linaidhoofisha ncha.

Kukausha nako kulihitaji uamuzi. Lida zilikuwa zikianikwa kwenye kamba ya varanda, juani, na jua la mwinuko ule lina miale mikali inayoichakaza nailoni. Zikahamia stoo, kwenye vigingi vya mbao, usiku kucha, ndipo zinarudi mifukoni. Zenye nzi wawili zilizofungwa tayari haziingii pochini kabisa. Zinazungushwa kwenye kidude cha sponji ngumu, ndoana imechomekwa, kwa sababu ndoana ndani ya mfuko ni ncha huru yenye meno.

Mambo mawili tuliyojaribu hayakudumu. Mifuko midogo ya plastiki yenye kufunga kwa kubana mdomo ilikuwa rahisi na kila duka inayo, ila ikibaki na hewa ndani lida inafunguka na kucheza kama ilivyokuwa zamani. Ukiitoa hewa yote inafaa, lakini nani ataitoa hewa akiwa na mgeni pembeni? Na alama za rangi ambazo meneja alizipenda sana, nyekundu kwa mto na kijani kwa ziwa, ziliondolewa wiki ile ile. Mmoja wa waongozaji hatofautishi rangi hizo mbili na hakuwa amewahi kumwambia mtu kazini. Sasa kila mfuko una kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: urefu, unene wa ncha, na herufi N au F. Penseli haichuruziki ikilowa.

Msimu uliofuata malalamiko ya wageni kuhusu kungoja yalikoma, kwa maneno ya meneja mwenyewe, ambaye si mtu wa kusifu. Kilichobaki ni wageni wenyewe. Mgeni hufungua lida yake anavyojua, hukunja anavyojua, na jioni humrudishia mwongozaji kitu kilichoviringwa kama uzi wa bibi baada ya paka. Huwezi kumfundisha mtu aliyelipia mapumziko namna ya kukunja uzi. Kwa hiyo pana kopo stoo, limeandikwa HAZIJAKAGULIWA, na chochote kinachotoka mkononi mwa mgeni kinaingia humo kwanza, hata kikionekana safi. Jioni mtu mmoja, kwa zamu, anazipitia: kidole kwenye uzi kutoka shina hadi ncha, kukata penye mkwaruzo au fundo, kukunja upya kwa namba nane, kigingini.

Mzee peke yake hakubadilika. Anaendelea kukunja kwenye vidole vinne na kufungua kwa kuzungusha kinyume, na vijana walinijia wakitaka nimkemee kwa ajili ya usawa. Pochi yake haifunguliwi na mtu mwingine, na siku ya zamu yake ya kopo anakunja za wenzake kwa namba nane bila kunung'unika. Sikuona cha kumwambia.